Paneli za LED za kujitengenezea ukutani: stripu ya kununua Kisumu na zile za kuacha

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hapa mkiwa tayari mmesimama mbele ya kaunta Barabara ya Oginga Odinga. Ukitaka kujitengenezea paneli ya taa ya kupamba ukuta, nunua stripu (ule ukanda mwembamba uliopangwa taa ndogo za LED) ya volti 12, nyeupe ya umanjano, aina ya 2835, namba inayotaja ukubwa wa punje, yaani kila kitaa kimoja, yenye punje 120 kwa kila mita. Pesa itakayobaki iende kwenye adapta nzuri na kifuniko cheupe cha kutawanya mwanga. Zile za rangi nyingi zinazobadilika kwa rimoti zisikutoe kwenye mpango. Ndizo huwashwa mlangoni mwa duka ili zikuite, lakini kwenye ukuta wa sebule unayokaa kila jioni zinachosha macho mapema mno.

Kinachoniuma ni kuona mtu ametumia pesa nzuri kwenye stripu, kisha akaifunika kwa karatasi nyembamba na kuipa adapta dhaifu. Baada ya miezi michache nusu ya paneli imefifia, na anaambiwa LED si kitu cha kudumu. LED inadumu. Kinachokufa kwanza ni adapta, na kinachoharibu sura ni kifuniko.

Mtindo wenyewe, wa pembesita na pembetatu zinazowaka nyuma ya wanaorekodi video, ulipata jina kupitia kampuni kama Nanoleaf, ambazo seti zake si za mfuko wa kawaida. Ya kujitengenezea haihitaji mengi: sanduku jembamba, stripu inayozunguka ndani, na kifuniko kinachopitisha mwanga bila kuonyesha punje. Kwa paneli sita za pembesita, ukitumia mabaki ya mbao, mimi ningetenga shilingi 4,000 hadi 5,000.

Vipimo nitakavyovitumia humu ni hivi. Kila upande wa pembesita uwe sentimita 12.5 kwa ndani. Mzunguko wake ni sentimita 75, na paneli sita zinakula mita 4.5. Stripu huuzwa kwa roli ya mita 5, kwa hiyo roli moja inatosha na nusu mita inabaki ya kujifunzia kulehemu. Namba ya 12.5 nimeichagua kwa makusudi: stripu ya 2835 yenye punje 120 hukatwa kila baada ya punje tatu, yaani kila sentimita 2.5, hivyo kila upande unachukua vipande vitano kamili na kona inaangukia pale pale penye alama ya mkasi.

Adapta kwanza, stripu baadaye

Stripu hiyo ya punje 120 hula takriban wati 9.6 kwa mita. Mita 4.5 ni wati 43.2. Adapta haifai kufanyishwa kazi hadi ukingoni, kwa hiyo gawanya kwa 0.8: unapata wati 54. Gawanya kwa volti 12: ampea 4.5. Nunua ya ampea 5, si ya 2 ambayo muuzaji atakupa kwa sababu ni ya bei rahisi na "inawasha tu". Kuwasha inawasha, lakini inachemka. Na adapta inayochemka ndani ya nyumba ya mabati mwezi wa Februari, Kisumu hii yetu, haina maisha.

Maandishi ya kwenye kibandiko yasikutoshe. Omba iunganishwe na roli zima, iwake nusu saa, halafu uiguse. Uvuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha mkono juu yake, iache dukani. Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, apime volti stripu ikiwa inawaka: ikishuka kutoka 12 hadi 10 na kitu, hiyo ampea 5 ni ya kwenye karatasi tu.

Halafu kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na sisi tunaoishi kando yake tunajua stima inavyoondoka na kurudi kwa kishindo. Chomeka adapta kwenye kile kifaa cha kulinda TV, kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu stima ipite. Mvua ikianza kupiga kwa nguvu, chomoa. Uzuri wa mfumo wa volti 12 ni kwamba mara nyingi kinachoungua ni adapta peke yake, na stripu yako ukutani inabaki salama.

Stripu, kuanzia bora hadi ya kuepuka

Nafasi ya kwanza nimeshaitaja: 2835, volti 12, punje 120. Kuna ya punje 60 ambayo ni nafuu na hula nusu ya umeme, lakini punje zake zimeachana karibu sentimita 1.7, na kwenye sanduku jembamba utaziona moja moja. Omba kelvini 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni umanjano, kubwa ni ubuluu). Ile nyeupe kali ya kelvini 6500 inafaa jikoni na dukani, ila ukutani inafanya sebule ifanane na zahanati. Tena kuna wadudu wa ziwani. Mwanga wenye ubuluu mwingi huwavuta zaidi kuliko wa umanjano, na mkazi wa Dunga au Nyalenda anajua maana ya kuamka na kukuta wamelala chini ya taa kwa maelfu. Nunua na kidhibiti kidogo cha kupunguza mwanga, kinachokaa kati ya adapta na stripu. Bei yake ni ndogo, nacho kinabadilisha paneli kutoka taa ya kusomea hadi mwanga wa kupumzikia.

Ya pili ni COB. Hii punje zake zimebanana chini ya ute wa manjano hadi mwanga unatoka kama mstari mmoja usiokatika. Ingekuwa ya kwanza kama bei ingekuwa sawa. Inafaa hasa ukitaka sanduku lembamba sana. Angalia volti kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi huja za 24, na ukiiunganisha na adapta ya 12 haitawaka inavyotakiwa. Usiikunje kwa ghafla kwenye kona: kata, kisha unganisha kwa waya mfupi.

Ya tatu, kwa wenye subira na wapenda kompyuta, ni stripu ambayo kila punje ina akili yake: WS2812B ya volti 5, au ndugu yake WS2811 ya volti 12 ambayo kwa kawaida huamrishwa punje tatu tatu. Hapa ndipo unapopata kila paneli na rangi yake, mawimbi, machweo, rangi za timu yako. Unaiendesha kwa kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho ESP32 chenye programu ya bure ya WLED, kupitia simu. Inavutia kwelikweli, na kwa kijana anayesomea umeme au kompyuta naipa nafasi ya kwanza bila kusita, kwa kuwa atajifunza mengi kwa pesa hiyo kuliko kwa vitabu vingi. Lakini fanya hesabu: WS2812B yenye punje 60 ikiwaka nyeupe kamili hufikia wati 18 kwa mita. Mita 4.5 ni wati 81, na kwa volti 5 hizo ni zaidi ya ampea 16. Adapta ya namna hiyo ni kubwa na ghali. WLED inakuruhusu kuweka kikomo cha ampea, nawe kiweke. Umeme wa volti 5 pia hufifia haraka njiani, kwa hiyo uingize pande zote mbili za stripu. Vifaa hivi ukivikosa mjini, agiza kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, vije na mzigo wa basi.

Ya nne ni 5050 ya rangi nyingi yenye rimoti, ile ya kwenye boksi la picha za kupendeza. Paneli zote hubadilika rangi pamoja, huwezi kuipa kila moja yake. Nyeupe yake hupatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, na hutoka na ubuluu usiopendeza uso wa mtu. Pia hesabu ya boksi haikubaliani: punje 60 za 5050 hula hadi wati 14.4 kwa mita, yaani wati 72 kwa mita 5, na mara nyingi adapta iliyofungwa nayo ni ya ampea 2, wati 24. Ndiyo sababu mwisho wa roli nyeupe hugeuka wekundu. Ukiwa nayo tayari nyumbani, itumie mita mbili tu, nayo itakutendea haki. Kwa chumba cha mtoto inatosha.

Ya tano ni pembesita zilizotengenezwa tayari, za kugusa, zinazotumia USB. Ni ndogo na mwanga wake ni hafifu, ila anayeishi chumba cha kupanga na hataki misumari atazibandika na kuondoka nazo.

Ya mwisho ni stripu ya volti 220, ile nene inayouzwa kwa mita na kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Hii usiiweke ndani ya paneli. Inafaa juu ya dari ya jipsamu ambako haiguswi, ikiwa imefungwa na fundi wa stima. Ukiikata, shaba inayobaki wazi kwenye ncha ina umeme ule ule wa soketi, volti 240, na wewe unaiweka ndani ya sanduku la mbao ambalo mtoto anafikia. Isitoshe nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde, na kamera ya simu inaona mistari. Unafuu wake hauna faida hata kidogo.

Kifuniko ndicho paneli

Hapa ndipo ningependa utulie. Stripu ya wastani chini ya kifuniko kizuri inapendeza kuliko stripu ghali chini ya kifuniko kibovu.

Bora kuliko vyote ni Perspex, ile plastiki ngumu ya mabango, nyeupe ya maziwa, unene wa milimita 3. Usiende kununua shiti nzima. Nenda kwa watengenezaji wa mabango ya maduka uwaombe vipande vilivyobaki, maana pembesita ya kipimo chetu inatoka kwenye kipande cha sentimita 25 kwa 25 ukikipangia vizuri, na vipande vya namna hiyo hubaki kila wanapokata herufi. Mwambie akukatie hapo hapo, kwa sababu msumeno wa nyumbani huipasua. Ukipata inayoonyesha kama kioo badala ya nyeupe, ichukue pia kwa bei ya chini, uisugue upande mmoja kwa msasa laini na maji hadi igeuke ukungu. Ya tatu kwa ubora ni karatasi ya plastiki ya kubandika madirisha ya ofisi, ikiwekwa juu ya Perspex tupu. Karatasi ya kuokea mikate inafanya kazi jioni ya kwanza, kisha hujikunja kwa unyevu.

Kina ni muhimu kama kifuniko. Stripu usiielekeze mbele. Ibandike kwenye kuta za ndani za sanduku, ikitazama katikati, ili mwanga ugonge kuta na mgongo kabla ya kutoka. Kina cha sentimita 3 hadi 4 kinatosha. Paka ndani rangi nyeupe isiyong'aa. Watu wengi huiacha mbao ilivyo, na mbao inameza mwanga waliolipia.

Sanduku lenyewe ni kazi ya saa chache kwa seremala wa soko la Kibuye: vipande vya saiprasi kwa kuta, plaiwudi ya milimita 3 kwa mgongo. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, naikwepa kwa nyumba za karibu na ziwa kwa kuwa hunywa unyevu ikavimba. Toboa matundu madogo nyuma ili joto litoke, na uyazibe kwa wavu wa dirisha, la sivyo wale wadudu watakufa ndani ya kifuniko na kila mmoja ataonekana kama doa. Gundi ya nyuma ya stripu haishiki mbao yenye vumbi. Futa kwa spiriti, kisha uongeze vibanio vidogo kwenye kona.

Kuhusu tokeni za stima, usiogope. Paneli zote sita zikiwaka kwa nguvu yote saa nne kila usiku, ukihesabu na kinachopotea kwenye adapta, ni kama uniti 6 kwa mwezi. Ukipunguza mwanga, matumizi yanashuka nao.

Siku ya kununua, mwambie muuzaji afungue roli lote na kuliwasha kabla hujalipa. Linganisha rangi ya mwanzo na ya mwisho, tafuta punje zilizolala, kisha irekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole uone kama inametameta. Kama unahitaji roli mbili, zinunue siku moja kutoka boksi moja, kwa sababu nyeupe ya umanjano ya leo na ya mwezi ujao huwa hazifanani, na tofauti hiyo itaonekana ukutani kila jioni. Mbao na mabaki yafuate Kibuye Jumapili, siku ya soko kubwa. Stripu na adapta ziache hadi siku ya kazi, asubuhi, wakati muuzaji ana nafasi ya kuiacha adapta iwake hiyo nusu saa.