Programu ya kukokotoa uwezekano wa rada kuona shabaha, miezi mitatu ya kuitumia

Jina lake naliacha maana nitaisema vibaya kidogo. Ni programu ya kompyuta, unaipa kiwango cha ishara juu ya kelele, uwezekano wa alamu ya uongo (rada kudai imeona kitu kumbe ni kelele tu) na idadi ya palsi, yaani mawimbi mafupi ambayo rada inarusha, yenyewe inakupa uwezekano wa rada kuiona shabaha. Kwa kasi iko vizuri sana na grafu zake zinasomeka.

Sasa shida. Wiki ya kwanza nilikua napiga hesabu ya ndege, palsi moja, alamu ya uongo moja kwa milioni, nikaweka ishara desibeli 13.2 juu ya kelele ikatoa asilimia 90, nikafurahi nikaandika ripoti nikatuma hapohapo. Jamaa mmoja kazini akaisoma akaniuliza kitu kimoja tu: hiyo ndege yako ni mpira wa chuma? Ndo nikaanza kuchokonoa, kumbe sehemu ya kuchagua aina ya shabaha imefichwa huko ndani kwenye menyu ya tatu, na imeshawekwa "tulivu", yaani shabaha ambayo mwangwi wake haubadiliki kama mpira wa chuma, bila hata kukuuliza!

Ndege halisi haijatulia bana. Bawa lina mwangwi wake, mkia wake, injini yake, na ndege ikigeuka kidogo tu hiyo miangwi mara inajumlishana mara inauana, kwahiyo kinachorudi kinapanda na kushuka. Mtaalamu wa rada Peter Swerling aliyapanga haya mwaka 1954 kwa aina nne: ya 1 na 3 mwangwi unabadilika antena ikizunguka tena, ya 2 na 4 unabadilika palsi kwa palsi. Nikachagua Swerling 1, namba zingine sijagusa, ile 90 ikaanguka mpaka 53. Ili uirudishe 90 unahitaji desibeli 21.1, yaani karibu 8 za ziada, na kwakuwa mwangwi unafifia kwa umbali kipeo cha nne, ukikosa hizo 8 masafa yako, yaani umbali ambao rada inaiona ndege, yanabaki kama asilimia 63 ya ulichoahidi. Na mimi kwenye ripoti nilikua nimeahidi yale masafa kamili.

Nikaihakiki kwa kalkuleta nione kama hata hiyo 53 ni ya kweli. Kwa palsi moja ya Swerling 1 ni rahisi: desibeli 13.2 ni mara 20.9, ongeza moja inakua 21.9, alafu chukua ile moja kwa milioni uipandishe kipeo cha 1 gawanya kwa 21.9. Inatoka 0.53, kwahiyo hesabu za programu ni safi, kosa ni huko kuficha chaguo.

Kitu kilichonishangaza, ukishuka mpaka desibeli 9 mambo yanageuka, Swerling 1 inakupa kama 21 na ile tulivu haifiki hata 15. Mara ya kwanza nilidhani ni bagi, lakini ukifikiria ishara ikiwa dhaifu kupandapanda ndo kunakuokoa, kuna mara inachomoza juu ya kizingiti, kile kiwango ambacho ishara ikikipita ndo rada inasema imeona.

Nyota tatu kati ya tano, waiweke aina ya shabaha kwenye ukurasa wa kwanza nitaongeza ya nne. Ripoti nimeirudia, safari hii nimeandika Swerling 1 juu kabisa kabla ya namba yoyote, na yule jamaa bado ananiita mpira wa chuma.