Jahazi la plastiki la 1/72: elfu nane na mia tano zangu zimekwenda na maji

Nimeshaunganisha modeli za plastiki zaidi ya ishirini, ndege nyingi na meli chache, hapa hapa Lamu chumbani kwangu mtaa wa Langoni, na hakuna boksi lililowahi kuniuma roho kama hili. Nilipoona onlaini kwamba kuna kampuni ya Ulaya inauza jahazi la plastiki la kuunganisha, tanga lake, mlingoti wake, na mato yake, yale macho, omoni mbele ya chombo, wallahi sikulala. Miaka yote naunganisha ndege za vita vya watu wengine, leo chombo cha kwetu kiko kwenye boksi! Nikatuma pesa siku hiyo hiyo. Pamoja na posta na ushuru ikafika shilingi 8,500, nikangoja wiki sita, kifurushi kikashuka Mombasa, kikapanda basi mpaka Mokowe, kikavuka na boti. Hayo yote sina lawama, kukaa kisiwani ndo hivyo.

Sitaitaja kampuni. Naandika manake kuna wenzangu Malindi na Mombasa wameniuliza kwenye wasap kama wanunue, na jibu ni refu.

Picha ya boksi nzuri sana, lazima niseme ukweli. Bahari ina rangi yake, tanga limejaa upepo, mabaharia wanavuta demani, ile kamba ya tanga. Na pembeni kuna neno kubwa limeandikwa "mpya". Sasa nikafungua. Kitu cha kwanza mkononi ni ubavu wa kulia wa chombo, nikaugeuza ndani kutafuta jina la kiwanda kama nifanyavyo siku zote, nikakuta limechorwa na mwaka: 1978. Yaani hii moldi ina miaka zaidi ya arobaini, wao wamebadilisha boksi tu na picha. Kwa asiyejua, hivi vipande vinatengenezwa kwa kuyeyusha plastiki ya polistirini na kuisukuma kwa nguvu ndani ya moldi ya chuma yenye pande mbili zinazobanwa, ikipoa wanafungua, kipande kinatoka. Moldi ya chuma ni ghali sana kuchonga, ndo maana kampuni ikishakuwa nayo haiitupi, itaitumia mpaka ichoke. Na kutumia moldi ya zamani si kosa, kuna modeli za miaka ya 1950 na 1960 zinauzwa mpaka leo na watu wanazipenda. Kosa ni kuandika mpya juu ya kitu ambacho umri wake umechorwa tumboni mwake.

Moldi ikichoka, pande mbili hazikutani sawasawa, plastiki inapenya katikati na kutoa utando mwembamba pembezoni mwa kila kipande. Hapa utando ulikuwa kila mahali. Kwenye vipande vikubwa si tatizo, unakwangua na kisu ukamaliza na msasa, lakini makasia! Makasia manne membamba kama njiti ya kiberiti, utando umeyazunguka mpaka hujui kasia linaishia wapi, na nikikwangua kidogo tu linakatika. Mawili yamekatika. Halafu usukani, ambao ndo roho ya chombo, ulikuja bila pembe ya chini, plastiki haikufika mpaka mwisho wa moldi. Sio kwamba ulivunjika njiani, la, ukitazama ile sehemu imeviringa laini, ilizaliwa hivyo na mtu wa kiwandani akaipitisha.

Mbavu mbili za chombo nazo zimepinda, moja imejikunja kama ganda la ndizi. Hilo nililitibu, nilitia maji ya moto kwenye beseni, sio ya kuchemka kabisa manake yakichemka plastiki inalegea yote, nikatumbukiza, nikainyoosha taratibu kwa vidole nikaishika mpaka ikapoa. Imekubali. Lakini hata baada ya kunyoosha, nilipozifunga pamoja kuna ufa wa milimita 2 tezini, nyuma ya chombo. Fanyeni hesabu, kwa kipimo cha 1/72, yaani chombo cha kweli ni kikubwa mara 72, hiyo ni zaidi ya sentimita 14 kwenye chombo chenyewe! Na gundi ya modeli haizibi ufa, kazi yake ni kuyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili zishikane ziwe kitu kimoja, sasa pande zisizogusana zitashikana vipi? Nikajaza pati, nikangoja usiku mzima, nikapiga msasa, pati ikazama ikaacha bonde, nikajaza tena, msasa tena, mara tatu. Na kila nikipiga msasa zile chora za mbao ubavuni zinafutika, ikabidi nizichore upya kwa ncha ya sindano moja baada ya moja. Jioni nne zimeisha hapo. Yule fundi wa kalafati anayejaza pamba yenye mafuta kati ya mbao anafanya hivyo kwa sababu mbao ni mbao, imeota porini. Hii imetoka kwenye mashine.

Na juu ya sitaha ya tezi kuna alama za duara kumi na nne. Hizo zinatoka kwenye pini za chuma zinazosukuma kipande kitoke kwenye moldi, kila modeli inazo, ila mtu anayejali kazi yake huziweka upande usioonekana. Hapa wameziweka juu, palepale nahodha anaposimama.

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi ya plastiki mbovu, manake plastiki mbovu mtu mwenye subira anaitengeneza. Ni chombo chenyewe. Hiki si chombo cha mtu aliyekitazama chombo.

Mlingoti wa jahazi unalala mbele. Kila mtoto wa Lamu anajua, ukimpa penseli achore jahazi atauchora umelala kuelekea omo. Wao wamechimba tundu wima kabisa, mlingoti umesimama kama mti wa bendera ya shule. Foromali, ule mti unaobeba tanga, wameitoa kipande kimoja laini kama bomba, wakati foromali ya kweli ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa kwa kufungwa kamba, na pale penye kamba ndo panampa mtu wa modeli raha ya kuchora. Halafu ndani ya boksi kuna ngazi za kamba, zile za kupandia mlingotini zinazoonekana kwenye meli za kizungu, na karatasi ya maelekezo inasema zibandikwe kushoto na kulia. Jahazi gani lina ngazi hizo? Nadhani wamezitoa kwenye fremu ya modeli nyingine, ile fremu ya plastiki inayoshika vipande, wakajazia boksi.

Nikachukua rula nikaanza kupima watu. Mabaharia ni watatu, aliyesimama ana milimita 31. Mara 72 unapata mita 2 na sentimita 23. Mtu wa mita 1.70 kwenye 1/72 anatakiwa awe na milimita 24 hivi. Chombo nacho kina sentimita 22, sawa na mita 16 kasoro, kipimo kizuri tu cha jahazi, kwa hiyo chombo kiko sawa na watu ni majitu. Zamani makampuni yalikuwa na tabia ya kupunguza au kukuza kitu kitoshe kwenye boksi walilonalo, ndo maana modeli za kale zina vipimo vya ajabu ajabu, lakini humu humu ndani ya boksi moja vipimo viwili? Na inaniuma zaidi kwa sababu hicho kipimo cha 1/72 kina maana kwetu. Kimetoka kwenye inchi moja kwa futi sita, na futi sita ni pima. Yaani kila inchi ya modeli ni pima moja, ile ile pima ya nahodha anayetupa bildi kupima kina cha maji. Nilipoligundua hilo miaka ya nyuma nilifurahi sana, nikaona hiki kipimo kama kimekatwa kwa ajili ya vyombo vyetu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa kijiji cha Matondoni, mzee ambaye amejenga vyombo vya kweli na sa hivi macho hayampi, anachonga vidogo vya mbao vya kuuza. Nikamwamkia, nikampa kile chombo mkononi kabla sijatia rangi. Alikipapasa kimya muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, mpaka omoni.

"Hichi chombo umekitoa wapi, mwanangu?"

"Kimetoka Ulaya, mzee wangu. Kimetengenezwa na mashine."

"Mlingoti hulala mbee. Huyu hakumuuliza mtu."

Akanirudishia. Hakusema lingine, na mimi tangu siku ile maneno yale hayanitoki. Hakumuuliza mtu! Fundi yule hana karatasi ya ramani, anapima kwa kamba na kwa jicho, na kile anachokichonga kwa tezo na patasi mlingoti wake uko palepale unapotakiwa, foromali imefungwa kamba kweli, tanga ni kitambaa. Na bei yake ni chini ya hii.

Msidhani nasema plastiki ni mbaya na mbao ni nzuri. Wajapani wa Tamiya, kampuni ya modeli, wenyewe walianza na kiwanda cha mbao pale Shizuoka mwaka 1946, wakatengeneza modeli za meli za mbao, na plastiki yao ya kwanza ilikuwa manowari Yamato mwaka 1960. Nina kifaru chao cha vita cha 1/35 hapa rafuni, vipande vimekutana bila pati hata tone, niliunganisha mwili mzima usiku mmoja nikawa natafuta kosa silioni. Ndo hapo unajua kwamba plastiki inaweza. Mtu akipima, akauliza, akatunza moldi yake, plastiki inatoa kitu cha kukufanya ukae ukitazame.

Stika za maji sitakaa sana. Zilikuwa za manjano kwa uzee, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha siku tano jua likazipausha, hiyo ni mbinu ya zamani na inafanya kazi. Nikazipaka vanishi kwanza ili zisipasuke majini, na moja imepasuka hata hivyo. Yale mato ya omoni, nyeupe imekaa kando na nyeusi kando, chombo kina makengeza. Nimeyafuta nikayachora kwa mkono.

Niliwaandikia kampuni kuomba usukani mwingine. Kampuni nyingi za modeli zina huduma hiyo, unataja namba ya kipande wanakutumia, nimeshawahi kutumiwa kioo cha ndege bure na kampuni nyingine. Hawa walinijibu mara moja wakitaka picha ya risiti, nikatuma, mwezi wa pili huu kimya.

Basi kwa walioniuliza. Kama hujawahi kuunganisha modeli usianze na hii, utaichukia kazi yote na haitakuwa haki. Kama unampelekea mtoto zawadi, usinunue, nenda kwa fundi umnunulie cha mbao. Kama una uzoefu, una pati, una faili nyembamba, una subira, na unalitaka jahazi kwenye kipimo sawa na ndege zako, basi subiri ishuke bei, isizidi elfu tatu, na ununue ukijua unanunua mbavu mbili na kazi ya miezi. Umbo la chini la chombo si baya, hilo nawapa, mtu aliyechora mkuku na tezi alikuwa na mchoro mzuri mbele yake. Juu ya hapo ndo walipoacha kuuliza. Kwa hali ilivyo nawapa 3 kwa 10, na hizo tatu zote ni za mbavu.

Langu silitupi. Tundu la mlingoti nimeliziba, nimetoboa jingine kwa keekee ndogo, na sasa mlingoti umelala mbele. Foromali ya plastiki nimeiacha, nimechonga mpya kwa vijiti viwili vya mianzi nikavifunga uzi wa pamba, ngazi zimekwenda kwenye kopo la mabaki. Pembe ya usukani nimeijenga kwa kipande cha fremu. Tanga la plastiki lilikuwa nene kama sahani, nimelitoa, nakata la kitambaa cha merikani, mama yangu amesema pindo atashona yeye manake mishono yangu ni mikubwa mno kwa pima moja ya inchi. Akimaliza nampelekea tena mzee Matondoni.