Union Version au Neno: Biblia ipi inamtendea Hawa haki?

Kikundi cha akina mama cha kanisa letu kiliponiomba nichague Biblia ya kununua kwa ajili ya masomo ya mwaka huu, tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba tutaanza na Hawa. Kwa hiyo sikuzipima Biblia kwa jalada wala kwa bei. Nilizipima kwa sura tatu tu, Mwanzo 2 hadi 4, nikiisoma Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, sambamba na Neno: Bibilia Takatifu, tafsiri ya karibuni zaidi iliyotolewa na Biblica. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu katika sura hizi neno moja likiwekwa au likiachwa, mwanamke anayesikiliza ibadani huondoka na picha tofauti kabisa ya nafsi yake.

Nianze na Mwanzo 2:18. Union Version inasema "msaidizi wa kufanana naye", na Neno inasema "msaidizi wa kumfaa". Hapa naipendelea ile ya zamani bila kusita. Hata jembe humfaa mtu, na mtumishi humfaa bwana wake, lakini anayefanana nawe ni wa hadhi yako. Kiebrania chenyewe kinatumia usemi wenye maana ya mtu aliye mbele yako, anayekukabili uso kwa uso, na neno linalotafsiriwa "msaidizi" ndilo lilelile ambalo Zaburi 33:20 inamwitia Mungu mwenyewe kuwa msaada wetu na ngao yetu. Msomaji akilikumbuka hilo, hawezi tena kumhesabu Hawa kuwa kijakazi wa bustanini.

Kuna utajiri mwingine ambao Kiswahili chetu kimeupata bila kuutafuta. Neno la Kiebrania la ubavu katika 2:21 ndilo linalotumika katika kitabu cha Kutoka kwa upande wa maskani, yaani hema la ibada, na kwetu pia ubavu ni mfupa na ni upande: mtu huketi ubavuni pa mwenzake. Tena tunaposema fulani hana ubavu wa jambo, tunamaanisha hana uwezo nalo. Katika mstari wa 23 mwandishi wa Kiebrania anachezea maneno mawili yanayofanana, ish na ishah, na tafsiri yetu ikaupata mwangwi huo kwa "mwanamke" na "mwanamume". Watafsiri wa lugha nyingi wamehangaika na mstari huu.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa ya Union Version, na ndiyo sababu hasa ya tathmini hii. Mwanzo 3:6 inasimulia kwamba mwanamke alitwaa katika matunda yake akala, "akampa na mumewe, naye akala". Anayesoma hivyo hudhani Adamu alikuwa mbali, pengine shambani, naye Hawa akamfuata na tunda mkononi ili amponze. Lakini maandishi ya Kiebrania yana neno fupi linalosema alikuwa pamoja naye, na Neno imelitafsiri wazi: "aliyekuwa pamoja naye". Nyoka naye, katika mistari ya kwanza ya sura hiyo, anazungumza kwa wingi, kana kwamba wapo wawili mbele yake. Mwanamume alikuwapo, akanyamaza, akapokea, akala. Nimesikia mahubiri mengi mno yaliyojengwa juu ya Adamu ambaye hakuwapo, na akina mama wameinamisha vichwa kwa kosa ambalo Maandiko yanaligawa kwa wawili. Kwa mstari huu Neno imestahili kununuliwa, hata kama isingekuwa na ubora mwingine wowote.

Katika hukumu, Union Version inarudi kuwa makini. Inamwambia mwanamke, "nitakuzidishia uchungu wako", kisha inamwambia mwanamume kwamba atakula mazao ya ardhi "kwa uchungu", na kwa kweli Kiebrania kinatumia neno moja kwa wote wawili. Kwa kuzaa inatumia "utungu", neno ambalo kila mkunga analijua. Tena msomaji aangalie ni nani wanaolaaniwa: ni nyoka na ardhi, wala laana haitamkwi juu ya mwanamke.

Siwezi kuupita mstari huo wa utungu bila kumkumbuka Rosine Krapf. Mumewe, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, alianza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mnamo Juni 1844, na mwezi uliofuata Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na binti yao mchanga akamfuata. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Simulizi ya Hawa, basi, ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili.

Jina lenyewe la Hawa linapatikana mara mbili tu katika Agano la Kale, 3:20 na 4:1. Union Version inasema yeye ndiye mama wa wote walio hai, na sikio la Mswahili linasikia Hawa na hai kwa pamoja, kwa kuwa maneno yote mawili yametufikia kupitia Kiarabu kutoka mzizi mmoja na ule wa Kiebrania. Lugha iliyotuita binadamu, wana wa Adamu, imemhifadhi mama yetu katika neno la uhai.

Pendekezo langu kwa kikundi lilikuwa hili: kila mmoja awe na Union Version, ya herufi kubwa kwa wazee wetu, na kiongozi wa somo awe na Neno. Tukifika 3:6, tutafunga zetu kwa muda, naye atatusomea mstari huo kwa sauti kutoka ya kwake.