Lenzi za zamani za renjifainda: uanze na ipi?

Renjifainda ni kamera unayolenga kupitia kidirisha chake, si kupitia lenzi yenyewe. Kabla hujatoa hata senti, mwombe muuzaji afungue tundu la lenzi hadi mwisho, amulike tochi ya simu kutoka nyuma, halafu apige picha kutoka mbele. Mikwaruzo midogo ya juu isikutishe. Tafuta kuvu: nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zikianzia ukingoni. Lenzi yangu ya kwanza ilitangazwa kuwa "safi kabisa" na ilifika na nyuzi hizo. Kwa sisi tunaoishi na unyevu wa pwani, Mombasa au Tanga, kuvu ikishaingia haikai kimya.

Nachukulia kwamba lenzi utaifunga kwa adapta ya M39 (uzi wa skrubu wa milimita 39) kwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless).

Ya kwanza kwangu ni Jupiter-8, 50mm f/2 (yaani urefu wa fokasi, na tundu likiwa wazi kabisa). Muundo wake ni wa Sonnar, kazi ya Ludwig Bertele wa Zeiss ya Ujerumani, na baada ya vita kwisha 1945 Wasovieti waliuchukua wakautengeneza kwao. Piga uso wa mtu kwa f/2 ukiwa karibu na dirisha: kope zinaonekana moja moja, ngozi inatulia, na ukuta wa nyuma unayeyuka taratibu. Sijaona lenzi ya bei yake inayofanya hivyo. Pete ya tundu haina vituo, kwa hiyo hujisogeza ukizungusha fokasi, izoee. Ukiifunga kwenye Leica, renjifainda ya Kijerumani, kipimo cha fokasi cha Kisovieti kinatofautiana kidogo na cha Kijerumani, na picha za karibu kwa f/2 zinaweza kukosa shabaha. Kwenye kamera ya kidijitali unalenga kwa kile sensa inachoona, tatizo linaisha.

Ya pili ni Canon 50mm f/1.8 ya miaka ya 1950. Imeundwa vizuri kuliko Jupiter, na picha zake ni kali zaidi. Ila vioo vya nyuma ya tundu hupata ukungu, na wakati mwingine ukungu huo umeshakula kioo, haufutiki. Tochi tena.

Industar-61 L/D, 55mm f/2.8, ni rahisi na inatoa picha kali. Grisi yake mara nyingi imekauka.

Leitz Elmar 50mm f/3.5 ni nzuri kuishika, lakini sehemu kubwa ya bei ni jina. Mwili wake husukumwa ndani ili ifupike; usiizamishe hivyo ndani ya kamera ya kidijitali.

Jupiter-12 iache kwanza: kioo chake cha nyuma kimechomoza mno na kinaweza kugonga ndani ya kamera.

Jihadhari pia na lenzi za M39 za Zenit, kamera za Kisovieti zenye kioo cha kuakisi ndani. Uzi ni uleule, umbali wa lenzi hadi sensa sio, na Industar-50 ilitolewa kwa aina zote mbili. Omba picha ya nyuma: ya renjifainda ina pete ya chuma inayoingia na kutoka ukizungusha fokasi.