LEGO Duplo 10913: vipande 65 vya kumchezesha mtoto nyumbani

Kosa hufanyika siku ileile boksi la Duplo, matofali makubwa ya plastiki ya LEGO yanayoshikana, linapofunguliwa. Vipande vyote 65 vinamwagwa sakafuni mbele ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anashika kimoja, anakitupa, anashika kingine, mara ameshaondoka. Vimemzidi. Mpe matofali manane ya rangi mbili tu, mengine yarudishe kabatini, na utaona anavyotulia. Seti hii inafaa kuanzia miezi 18, na faida yake inategemea sana unavyoipanga.

Tofali la Duplo ni maradufu ya tofali la kawaida la LEGO kwa urefu, upana na kimo, na bado ya aina hizi mbili yanashikana. Kwa hiyo mtoto akikua, haya yanabaki kuwa msingi wa majengo ya matofali madogo. Lile la vinundu vinne (vile vidude vya duara juu ya tofali vinavyoshika tofali jingine) lina takriban milimita 32 kila upande, ukubwa ambao mtoto hawezi kuumeza kwa urahisi.

Kati ya miezi 18 na 24, mchezo wenyewe ni kubomoa. Kuvuta ni rahisi kuliko kubandika, basi jenga wewe minara mitano ya matofali matatu matatu, uipange kwenye mkeka, umwache aivunje na kutia vipande kwenye beseni. Rudia. Akianza kujaribu kubandika, tazama mkono wake: husukuma kwa mshazari, vinundu havikai sawa, mnara unateleza naye analia. Usimjengee. Shika tofali la chini liwe imara, mwachie yeye la juu, umwambie "bonyeza".

Hapa ndipo seti inapopungua: haina bao pana la kujengea. Bao la kijani la Duplo (namba 10980, vinundu 24 kwa 24) linauzwa peke yake. Ukikosa, bandika matofali mawili marefu kwenye sinia kwa selotepu pana. Yanatosha kuwa msingi, na sinia linabebeka hadi barazani.

Mtoto wa miaka miwili mgawie rangi. Anza na mbili zilizo mbali, nyekundu na njano, kila moja na bakuli lake, matofali matatu matatu. Rangi nne kwa mpigo humchanganya, hasa kijani na buluu. Zungumza sentensi nzima, maana tofali ni mwalimu mzuri wa ngeli: tofali jekundu, matofali mekundu, tofali la njano, matofali ya njano, moja, mawili, matatu. Akisema "tofali nyekundu", usimkosoe. Mjibu tu: "Ndiyo, tofali jekundu hilo." Matofali yaliyochapwa tarakimu 1, 2 na 3 yangoje hadi azoee kuhesabu vitu kwa kidole, kisha lile la 2 libebe matofali mawili juu yake, la 3 matatu. Kuimba namba bila kugusa kitu si kuhesabu.

Usishangae mnara wake ukiwa mrefu kuliko inavyotarajiwa. Wahudumu wa afya ya watoto hutazamia mnara wa vipande vitatu au vinne kwenye miezi 18 na sita hivi kwenye miaka miwili, lakini hivyo ni vibao laini visivyoshikana. Duplo haipimi utulivu wa mkono kwa namna hiyo, kwa hiyo weka na vibao vya mbao visivyo na vinundu.

Matofali ya kuiga yapo tele kwenye masoko ya vichezeo. Kabla ya kulipa, omba mawili uyashikanishe: yakilegea ukiyageuza juu chini, mnara hautasimama, yakikaza hadi utumie nguvu zako, mtoto hatayaachanisha. Pitisha kidole kwenye kingo kutafuta ncha kali. Kipande chochote kinachopita ndani ya kile kigogo cha kadibodi cha karatasi ya chooni asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Kuosha ni kwa mkono, maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini. Maji ya moto hupinda plastiki, kisha hayashikani tena. Anika kivulini, tundu likitazama chini ili maji yatoke; jua kali hufubaza rangi.

Kwa mtoto mmoja, vipande 65 vinatosha. Kwa wawili wanaocheza pamoja tunapendekeza seti namba 10914 yenye vipande 85, lakini kwanza gawanya bei ya kila boksi kwa idadi ya vipande vyake dukani hapohapo. Wakati mwingine boksi kubwa ndilo la bei nafuu.