Poda ya 420 dhidi ya ndimu ya kumi: uzoefu wangu na madoa hapa Kisumu

Wacha nianze na shati, juu hiyo ndiyo ilinifanya ninunue hii poda ya kutoa madoa. Kijana wangu ako gredi ya 5, shati ya shule ni nyeupe, na kwa ploti yetu hapa Migosi kuna waya ya kuanikia nguo, ya chuma, imekula kutu tangu enzi za nani sijui. Asubuhi moja nikaanika mbio mbio nikaenda zangu kazi, jioni ikanyesha ile mvua yetu ya kushtukiza, na venye nilirudi nikapata shati iko na mstari wa rangi ya chungwa hapa katikati kama mtu amepima na rula akachora. Na ilikuwa ya pili, ya kwanza alikuwa ameshachana kwa fensi ya shule.

Jirani wa mlango wa pili akaniambia mama, weka Jik, hiyo itatoka tu. Mimi huyo nikamwaga Jik bila kupima, nikaloweka saa nzima. Kutoa, ule mstari umekolea zaidi na shati yenyewe imeanza kuwa na unjano fulani hivi kwa sababu si pamba tupu, iko na polista ndani. Kumbe Jik haiwezani na kutu kabisa. Jik inafukuza rangi na kuua vijidudu, sasa kutu si rangi, ni chuma kimekaa ndani ya uzi, Jik inazidi kukiozesha tu. Hiyo nimejua baadaye, saa zile nilikuwa nalaumu jirani kimoyomoyo.

Ndio nikaenda supamaketi tauni nikanunua hiyo poda, jina nitaacha, mkebe wa nusu kilo, 420 bob, na kwa mkebe wameandika ati inatoa kila doa. Kila doa! Jaribio la kwanza nikaweka kijiko kwa maji baridi ya mfereji, nikaloweka usiku kucha. Asubuhi, hakuna kitu, mstari uko pale unaniangalia. Nikakasirika mpaka nikaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma, na enyewe hapo makosa ni yangu, wamesema maji moto. Ndani kuna sodiamu pakaboneti, ambayo ikikutana na maji moto inatoa haidrojeni peroksaidi na ndiyo inafanya kazi yote, ukitumia maji baridi inalala tu. Nikarudia na maji moto, yale ya kuingiza mkono kwa shida. Ule unjano wa Jik ulipungua kidogo. Kutu? Bado.

Jumapili nikapigia mamangu simu, ako Butere, nikamweleza hadithi yote na bei. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Mwanangu, kwani huko Kisumu ndimu zimeisha?" Aki nilicheka lakini iliniuma.

Nikaenda soko la Kibuye, ndimu kubwa moja shilingi kumi. Vile aliniambia ni hivi: lowesha penye kuna doa, nyunyiza chumvi, kamulia ndimu mpaka ile chumvi ilowe kabisa, tandaza nguo kwa jua, na usiache ikauke, ikianza kukauka unakamulia tena. Jua la Kisumu mnalijua, saa saba hapa unaweza kaanga yai kwa bati, kwa hivyo nilikuwa natoka kila baada ya dakika ishirini hivi naongeza. Baada ya kama saa tatu nikasuuza, mstari umekuwa hafifu, nikarudia siku ya pili na ukaisha. Nikiwa mkweli kuna kakivuli kadogo kamebaki lakini mpaka uambiwe ndio ukaone. Ile asidi ya ndimu inashika kile chuma inakitoa kwa kitambaa kinaenda na maji, sabuni haina hiyo nguvu. Sasa usiende kufanya hivyo kwa nguo ya rangi bila kujaribu kwa pindo kwanza, ndimu na jua pia hupausha.

Na hapa nitasimama kidogo kwa sababu hii karibu inipeleke hospitali. Kabla ya ndimu hakikisha ile Jik imesuuzwa ikaisha kabisa. Jik ikichanganyika na asidi, iwe ndimu, siki, ama ile dawa kali ya choo, inatoa gesi ya klorini. Mimi mwaka jana niliosha choo na ile dawa, nikaona haijatakata, nikaongeza Jik juu yake, mlango umefungwa, kadirisha kenyewe ni ka kupitisha paka. Sekunde chache tu macho yakawaka, kifua kikabana, nikatoka mbio nikakaa kwa ngazi nakohoa hadi keateka akauliza kama ni pumu. Sasa ni moja kwa siku moja, nikitumia hii ile nyingine sigusi.

Turudi kwa poda, kwa sababu sitaki kuionea. Kuna mahali ilinifurahisha sana, nayo ni madoa ya chai. Ile chupa ya chai ya wageni ndani ilikuwa imekuwa kahawia kabisa, nilikuwa nikimimina maji yanatoka na ladha ya chai ya juzi. Nikaweka kijiko kimoja, nikajaza maji moto, nikaacha nusu saa, na usifunge kifuniko tafadhali, hiyo kitu inatoa gesi inaweza kukurushia maji moto usoni. Kumwaga, ndani inang'aa kama nimeinunua leo, sikusugua hata kidogo. Vikombe pia, na kitambaa cha meza chenye maji ya matunda. Kwa hiyo kazi naipa tano juu ya tano.

Lakini hicho kitambaa cha meza kiko na kisa kingine. Chama ilikuwa kwangu, nikapika kuku wa mchuzi na manjano nikaweka mingi, mtu akamwaga. Wageni wakienda nikapaka sabuni ya kipande haraka haraka, na lile doa la njano likageuka jekundu mbele ya macho yangu! Mwenzangu aliyebaki kunisaidia vyombo akasema hiyo sasa si mchuzi, ni damu, uliua kuku hapa mezani? Kumbe manjano ndivyo yalivyo, yakikutana na kitu chenye magadi ama sabuni yanageuka mekundu, ukiweka siki ama ndimu yanarudi njano. Nilijaribu, kweli yakarudi. Sasa kuyatoa ndiyo kazi, poda ilipunguza kama nusu, na kilichomaliza ni jua peke yake, siku mbili kwa kamba. Manjano hayawezi jua. Kwa hivyo ukiona doa la mchuzi limebaki baada ya kufua usirushe nguo, anika tu tena na tena.

Magadi nayo. Kwetu ni ya kulainisha mboga, mrenda bila magadi ni nini sasa, lakini nilikuwa nimesikia ati inang'arisha sufuria. Nikachemsha kwa sufuria yangu ya alumini iliyoshika ukoko wa ugali. Ukoko ulitoka, sawa, lakini ndani ikawa nyeusi tititi. Alumini na magadi haziskizani, usijaribu. Kilichoiokoa ni, kisia, maganda ya zile ndimu za Kibuye, nikachemsha na maji kama dakika kumi ikarudi nyeupe. Nje penye kuna masizi ya kuni ni majivu na waya ya kusugulia tu kama kawaida, ama upake sabuni chini ya sufuria kabla ya kuiweka motoni ndio masizi yatoke na maji. Hii ya sabuni wenye mmekulia na jiko la mawe matatu mnaijua.

Halafu kuna ile ya kuchanganya siki na baking soda pamoja, imejaa kwa simu, inafoka povu watu wanashangilia. Nilifanya kwa sinki. Povu ilikuwa nyingi, uchafu ulibaki. Moja ni asidi nyingine ni kinyume chake, zinamalizana zenyewe unabaki na maji yenye chumvi chumvi. Tumia moja, suuza, halafu nyingine. Siki peke yake kwa ubao wa kukatia samaki iko sawa sana, nikitoka ufuoni Dunga na ngege, yaani tilapia, harufu haikai hadi asubuhi.

Kwa hivyo nikiulizwa kama ningenunua tena hiyo poda ya 420, ndio, lakini si kwa sababu ya yale wameandika kwa mkebe. Kwa chai, jasho la kola na unjano wa nguo nyeupe iko poa, bora maji yawe moto. Kwa kutu ni hasara tupu. Damu nayo, jamani, maji baridi na sabuni ya kipande mapema, ukianza na maji moto umeipika ndani ya kitambaa na hakuna poda itakusaidia. Naipa tatu na nusu, ile nusu ni ya chupa ya chai.

Wino wa biro kwa mfuko wa ile ile shati bado umenishinda, mwenye anajua aseme.

Na ile waya nimekata. Nimefunga kamba ya nailoni, mita tano shilingi hamsini. Keateka amekuja juzi ananiuliza waya ya landilodi iko wapi.