Plasta ya "haipitishi maji": bafuni sawa, baharini hapana

Kwa wenye haraka: kama umeshonwa na shida yako ni kuoga bila kufunga mguu kwa mfuko wa nailoni, plasta hii nunua. Kama unawaza kuingia nayo baharini, iache dukani.

Ni ile ya plastiki laini inayoonyesha, ina kipande cha gozi katikati, na maduka ya dawa huuza moja moja. Mimi bati lilinikata kwenye muundi. Nikashonwa, nikachomwa na sindano ya pepopunda, nesi akaniambia saa 48 za kwanza pasiguswe na maji kabisa. Baada ya hapo ruksa kuoga, ila kuloweka mguu hakuna, na bahari nisubiri nyuzi zitoke.

Sasa boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haipitishi maji, na mimi ni mtu wa Tanga, ufukwe wa Raskazone siku za joto haunikosi. Nikaona tuijaribu kwenye mguu usio na kidonda. Mdogo wangu akajitolea. Tukakunja karatasi ya chooni, tukaiweka chini ya plasta, akaoga kwa ndoo na kata kama kawaida. Karatasi ikatoka kavu kabisa. Kesho yake akabandika nyingine akaenda kuogelea. Aliporudi kona moja ilikuwa imeinuka, mchanga umeingia, karatasi imelowa chepechepe. Na yeye hakuhisi lolote mpaka alipoibandua.

Hapo ndipo penye hatari. Maji yakishaingia chini ya plastiki hayana pa kutokea, yanakaa na kidonda. Bahari ya joto kama yetu ina bakteria wa jamii ya Vibrio wanaopenda kuingilia kwenye kidonda kibichi, na mwenye kisukari au ugonjwa wa ini anaweza kuugua vibaya sana. Bwawa la hoteli nalo lisikudanganye: klorini haiui kila kitu, na ngozi iliyolowa muda mrefu hulainika, mshono ukaachia.

Kwa matumizi yake halali, naisifu. Ngozi iwe kavu na isiwe na mafuta (mafuta ya nazi ndiyo adui yake mkubwa), kisha ukandamize kingo zote kwa kidole. Ukiibandua usiivute kwenda juu, ivute kwa pembeni kama unaitandaza, itaachia bila kung'oa kigaga. Spiriti na peroksaidi sikupaka, zinaunguza nyama changa. Maji safi na sabuni kidogo vilitosha. Kasoro yake ni jasho. Kwa joto letu ngozi chini yake inakuwa nyeupe na kukunjamana, basi ibadilishe mapema.

Uzuri wa plastiki kuonyesha ni kwamba unakagua ngozi ya kando ya gozi bila kufungua. Ila kwa sisi watu weusi, wekundu wa ngozi hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: pakiwa pa moto, pamevimba, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, au ukiona usaha ama homa, rudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Nyuzi za mguuni kwa kawaida hukaa siku 10 hadi 14. Za usoni hutolewa mapema, kama siku 5. Zangu zilipotoka bado niliongeza siku kadhaa, hadi vitundu vyote vikafunga na kigaga kikadondoka chenyewe, ndipo nikaingia baharini. Ngozi mpya wakati huo haijafikisha hata theluthi ya nguvu yake ya zamani, kwa hiyo mawe ya baharini nilikaa nayo mbali.

Binamu yangu wa Mwanza ameniuliza kama itamfaa ziwani. Huko hata ikishika vizuri haisaidii, maana kichocho hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko wowote.